Msalaba Mwekundu Burundi: Nani mwenye chama, bodi au kilima?

KWA sisi tunaoishi upande huu wa mpaka, habari za Burundi tunazozisoma ni za aina tatu tu: siasa, wakimbizi na bei za bidhaa. Ni nadra kusoma habari za chama cha hiari, na ni nadra zaidi kusoma jinsi chama hicho kinavyojiongoza. Leo naomba msomaji anivumilie nizungumzie jambo hilo, kwa sababu linamgusa Mrundi aliyerejea kwao kutoka Mtabila, Nduta au Nyarugusu, na linamgusa pia mfanyabiashara anayevuka Manyovu au Kabanga kila wiki na magunia yake ya mchele.

Chama chenyewe ni Msalaba Mwekundu wa Burundi. Swali ni hili: katika chama ambacho sehemu kubwa ya kazi inafanywa na watu wasiolipwa, nani anapaswa kuamua? Ni bodi ya taifa, au ni wale wanaojitolea kule vilimani?

Wapo watakaosema hilo ni suala la wataalamu wa katiba za vyama. Sikubaliani nao. Mama aliyeshuka kwenye lori la wakimbizi na watoto wanne hajui katiba ya chama, lakini anajua kama jina lake limo au halimo kwenye orodha ya mbegu na mabati. Jina hilo limeandikwa na mtu fulani, kwa mamlaka aliyopewa na mtu mwingine. Hapo ndipo uongozi wa chama unapomfikia.

Chama kilichohamia vilimani

Msalaba Mwekundu wa Burundi ulianzishwa mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya nchi hiyo kupata uhuru. Kwa miaka mingi uliendeshwa kama vyama vingi vya namna hiyo katika Afrika: makao makuu mjini, matawi machache, magari ya mradi, na kazi iliyoanza au kusimama kulingana na fedha za wafadhili. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliongeza miradi, na pamoja na miradi vikaongeza utegemezi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, uongozi wa chama ulichukua njia nyingine. Badala ya kungoja mradi, uliamua kujenga kikundi cha watu wa kujitolea katika kila kilima. Msomaji wa Tanzania aelewe kwamba sehemu kubwa ya Burundi haina vijiji vilivyopangwa kama vyetu. Watu wanaishi wametawanyika juu ya vilima, na kilima, au umusozi kama wanavyosema wenyewe, ndicho kitengo cha chini kabisa cha utawala.

Nyaraka za Msalaba Mwekundu za miaka ya 2010 zilitaja watu wapatao 300,000 wanaojitolea nchini humo. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu Warundi milioni nane na ushei. Ukigawanya, unapata mtu mmoja anayejitolea katika kila watu 27 hivi, watoto wachanga wakiwamo. Ni nchi chache barani Afrika zinazoweza kuonyesha hesabu ya namna hiyo.

Kazi yao si ya kupigiwa picha. Wanalima shamba la mjane, wanafyatua matofali na kujenga nyumba ya mzee au ya familia iliyorejea kutoka ukimbizini, wanasafisha chemchemi, wanambeba mgonjwa kwa machela hadi zahanati. Warundi wana neno la zamani la kusaidiana kazi, ikibiri, na huku kwetu wapo wanaosema msaragambo. Kwa hiyo chama hakikuleta jambo geni. Kiliweka nembo na utaratibu juu ya jambo lililokuwapo.

Utaratibu huo umepangwa kama ngazi. Kilima kinachagua kamati yake. Kutoka vilimani wanapatikana wajumbe wa komini, kutoka komini wanapatikana wa mkoa, na hatimaye Mkutano Mkuu wa taifa. Mkutano Mkuu ndio unaochagua viongozi wa taifa, ambao nao ni watu wa kujitolea. Chini ya viongozi hao yuko katibu mkuu, ambaye ni mwajiriwa na ndiye anayeendesha ofisi.

Kwenye karatasi ni ngazi nzuri. La kujiuliza ni kama maamuzi hupanda ngazi hiyo kwa urahisi uleule ambao maagizo huishuka.

Nembo moja, namna mbili za kuongoza

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo katika historia. Mwaka 1859 kulipiganwa vita vikali Solferino, kaskazini mwa Italia. Majeruhi walijazana katika mji wa jirani wa Castiglione, na wakazi wa mji huo, wengi wao wanawake, wakawahudumia askari wa pande zote bila kuuliza nani ni wa jeshi gani. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva aliyekuwa safarini kwa shughuli zake, aliyaona hayo na akashiriki. Kamati ya watu watano iliundwa Geneva mwaka 1863. Yaani waliojitolea waliitangulia kamati kwa miaka minne.

Hata hivyo, vyombo vilivyozaliwa na tukio hilo havikufuata njia moja. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile tunayoijua kwa kifupi cha ICRC, inaongozwa hadi leo na baraza la Waswisi wasiozidi 25 wanaochaguana wenyewe. Hakuna mtu wa Makamba wala wa Kigoma mwenye kura humo. Sababu inayotolewa ni kwamba chombo kinachoingia magerezani na kuzungumza na majeshi yanayopigana kinahitaji watu wachache, wa nchi isiyoegemea upande, wanaoweza kutunza siri.

Vyama vya taifa vimejengwa kinyume chake. Hivyo vinasimama juu ya wanachama na watu wa kujitolea, na miongozo ya Shirikisho lao la kimataifa inavitaka vitenganishe kazi ya kuongoza na kazi ya kuendesha ofisi, viweke ukomo wa vipindi vya uongozi, na viwape wanachama sauti ya kweli. Vilevile vinafungwa na kanuni saba zilizotangazwa Vienna mwaka 1965: utu, kutopendelea, kutoegemea upande, uhuru, huduma ya kujitolea, umoja, na kuenea duniani kote.

Naomba msomaji aitazame vizuri kanuni ya umoja. Maana yake ni kwamba katika nchi moja kunaweza kuwa na chama kimoja tu cha namna hiyo. Mfanyabiashara asiyeridhika na chama cha wafanyabiashara anaweza kuondoka na wenzake wakasajili kingine. Anayejitolea Msalaba Mwekundu hana nafasi hiyo. Akichoshwa na uongozi, anakaa nyumbani. Hapigi kelele wala haandiki barua. Siku ya kazi ikifika haonekani, basi. Bodi inaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba kilima fulani kimekufa, kwa sababu jina la kilima hicho bado limo kwenye ripoti.

Kwa hiyo, kushirikisha watu wa chini katika uongozi si hisani ya bodi. Ni njia pekee ya kujua kama chama bado kipo.

Yasiyoweza kuachiwa kilima

Nisieleweke vibaya. Wapo wanaodai kwamba kwa kuwa kazi inafanywa vilimani, basi kila uamuzi ufanywe vilimani. Hilo nalo ni kosa, na nitatoa sababu.

Kwanza, bodi ndiyo inayojibu mbele ya sheria. Fedha ya mfadhili ikipotea, mkataba ukivunjwa, au dereva wa chama akimgonga mtu barabarani, anayeitwa mahakamani si kilima. Huwezi kumpa mtu lawama zote na kumnyima uamuzi wote.

Pili, nembo ya msalaba mwekundu si mali ya kikundi kimoja. Inalindwa na Mikataba ya Geneva. Tukumbuke yaliyotokea Bujumbura kuanzia Aprili 2015, wakati wa maandamano ya kupinga Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliwabeba majeruhi mitaani wakati ambapo kuvuka mtaa mmoja kwenda mwingine kulikuwa hatari. Waliruhusiwa kupita kwa sababu waliokuwa na fimbo na waliokuwa na bunduki waliamini kwamba fulana ile si ya chama cha siasa. Sasa fikiria kilima kimoja tu kikimvalisha mgombea fulana ile kwenye mkutano wa kampeni. Anayelipa gharama si kilima hicho peke yake. Analipa kijana wa mtaa mwingine kabisa, siku atakayokuta kizuizi barabarani na hakuna tena anayeiamini fulana yake.

Katika mambo ya namna hii, yaani nembo, kutoegemea upande, ukaguzi wa hesabu, mikataba na ajira ya katibu mkuu, neno la mwisho ni la bodi.

Yasiyoweza kuchukuliwa na bodi

Upande wa pili una uzito uleule. Februari 2025, vita vilipopamba moto Kivu, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Burundi katika muda wa wiki chache, wengine wakipita Mto Rusizi kwa miguu na mitumbwi. Wengi walikusanyika katika uwanja wa michezo wa Rugombo, Cibitoke. Katika saa za kwanza za tukio la namna hiyo hakuna bodi inayoweza kukaa kikao na kuamua nani apewe maji kwanza. Anayeamua ni mtu aliye pale, anayejua kisima kiko wapi na nani ana chumba cha ziada. Wafanyabiashara wa Gatumba na Uvira waliyaona hayo pia Aprili 2020, Rusizi ilipofurika na kuingia majumbani mwa watu.

Mtu huyo anajitolea kwa sababu anajiona mwenye chama. Hapa ndugu zetu waliorejea, abahungutse, wana uzoefu wa kulinganisha. Katika kambi za Kigoma, mkimbizi aliyesaidia hospitalini au kwenye usafi alipewa posho kidogo, alipangiwa zamu, na hakuwa na kura katika shirika lililompa kazi. Kwa wengi, hiyo ndiyo maana ya kujitolea waliyokua nayo. Wakifika nyumbani wanakuta jambo tofauti. Kilimani hakuna posho. Badala ya posho kuna haki ya kuchagua kamati, kuamua siku ya kazi na kusema nyumba ya nani ijengwe kwanza.

Mtu huyo ukimnyang'anya na haki hiyo, anachobakiwa nacho ni ukibarua usio na malipo. Isitoshe, Burundi ina kazi za maendeleo za Jumamosi, ibikorwa rusangi, ambazo mwananchi huenda kwa sababu serikali imeita. Siku kikundi cha Msalaba Mwekundu kitakapoanza kupokea amri tu kutoka juu, mwananchi hataona tofauti kati ya vitu hivyo viwili, na ataenda kwa kiasi cha kuonekana tu.

Kuna suala la mfuko pia. Kilima chenye shamba lake la pamoja au michango yake, hata kama ni midogo, kinaweza kumsaidia jirani leo bila kuomba kibali. Kilima kinachongoja kila kitu kije kwa lori kutoka Bujumbura hakina kamati. Kina mtunza ghala. Ndiyo maana nasema bodi inayotaka wenzake wa chini wawe na sauti iangalie kwanza kama imewaachia kitu cha kuamua.

Anayeandika orodha ndiye anayelima shamba lako

Sasa nifike kwenye jambo gumu, ambalo wengi wanaosifu uongozi wa vilimani hawapendi kulitaja. Kilima si malaika.

Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikaa Tanzania miongo mitatu na zaidi, wengi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kati ya 2002 na 2009 Warundi wapatao nusu milioni walirejea nyumbani kutoka nje, wa mwaka 1972 na wa vita vya 1993 pamoja. Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Baada ya machafuko ya 2015 watu walikimbia tena, na tangu 2017 misafara ya kurejea imeendelea.

Wengi wa waliorejea walikuta mashamba ya wazazi wao yanalimwa na watu wengine. Serikali iliunda tume ya ardhi mwaka 2006 kushughulikia mashauri hayo. Waliokosa pa kwenda walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Nkurye, Rutana. Walioweza walirudi kwenye kilima chao na kuanza maisha jirani na mtu wanayegombania naye mpaka.

Katika mazingira hayo, kamati ya kilima ni nani? Ni majirani. Na inawezekana kabisa kwamba anayeandika orodha ya watakaopewa mbegu ndiye anayelima shamba lako. Simlaumu. Huenda naye alizaliwa juu ya shamba hilo na hajui kwingine. Lakini hawezi kuwa mwamuzi wa pekee wa shida ya mtu ambaye kuwapo kwake kunamtishia.

Wapo wanaosema dawa ni kuipeleka orodha ofisini Bujumbura. Hapana. Ofisi haijui nani analala njaa, na karani wa mjini anaweza kudanganywa na mtu yeyote mwenye barua yenye muhuri. Ninavyoona mimi, kazi hiyo ni ya kugawana: bodi iandike kanuni, kilima kiandike majina, na majina yasomwe hadharani.

Kanuni zenyewe zinaweza kuwa chache. Katika kila kilima kilichopokea watu waliorejea, mmoja wao awe kwenye kamati, tena kwa kuchaguliwa na wenzake, si kwa kuteuliwa na mwenyekiti. Mjumbe mwenye shauri la ardhi na familia fulani atoke nje wakati jina la familia hiyo linajadiliwa. Asiyeridhika akate rufaa kwa kamati ya komini, na rufaa hiyo isisikilizwe na mtu wa kilima kilekile. Hayo hayahitaji fedha za mfadhili. Yanahitaji bodi itakayokataa kupokea orodha isiyosomwa mbele ya watu.

Hapo ndipo naiona maana halisi ya kugawana uongozi. Kazi ya kilima ni kuizuia bodi isiwasahau watu. Kazi ya bodi ni kukizuia kilima kisimsahau mtu mmoja.

Ramani mpya, ngazi yenye mapengo

Kwa nini nalisema hili sasa? Sababu ya kwanza ni ramani. Kwa sheria ya mwaka 2023, Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi mitano, na komini kutoka 119 hadi 42. Mabadiliko hayo yalianza kutumika na uchaguzi wa 2025. Leo mikoa ni Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega.

Kwa serikali hilo ni suala la gharama na utawala. Kwa chama cha hiari kilichojenga ngazi yake juu ya ngazi ya serikali, ni suala la sauti. Hebu tupige hesabu ya haraka. Sheria hiyo inataja vilima na mitaa 3,044. Kwa komini 119, kila komini ingekuwa na vilima na mitaa kama 26. Kwa komini 42, inakuwa na 72. Mkoa mmoja, ambao ungebeba 169, sasa unabeba zaidi ya 600.

Mjumbe wa komini aliyeweza kuvizungukia vilima vyake kwa miguu au baiskeli hawezi tena. Atawajua watu wa kilima chake na vya jirani, na vingine atavisoma kwenye karatasi. Chama chochote kikifuata ramani hiyo neno kwa neno bila kubadili kitu kingine, kitapunguza wajumbe wa chini na kuwaacha wa juu na nguvu ileile.

Si lazima iwe hivyo. Serikali ina ngazi ya zoni kati ya komini na kilima, na vyama vinaweza kuitumia: kamati za vilima vinavyopakana zikachagua watu wao wa zoni, hao wakaenda komini. Idadi ya wajumbe wa Mkutano Mkuu inaweza kuhesabiwa kwa vilima badala ya mikoa. Na mipaka ya matawi isibadilishwe kabla wenye matawi hawajaulizwa. Huo ni uamuzi wa pamoja kwa asili yake. Ukifanywa na bodi peke yake, hata ukiwa sahihi, utaonekana umenyang'anya watu chama.

Fedha zikipungua, kura ndiyo ya kwanza kukatwa

Sababu ya pili ni fedha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 shirika lake la USAID lilikuwa limefikia mwisho. Wafadhili wengine wa Ulaya nao wamepunguza. Hakuna chama cha misaada katika ukanda wetu ambacho hakikuguswa, iwe moja kwa moja au kupitia kwa washirika wake.

Fedha zikipungua, ofisi zote duniani hutazama mahali pa kukata. Mkutano wa wajumbe ni nauli, chakula na malazi, kwa hiyo ndio wa kwanza kuahirishwa. Unaahirishwa mwaka huu, unaahirishwa mwakani, na viongozi ambao vipindi vyao vimekwisha wanaendelea "kwa muda". Kamati ndogo inapewa mamlaka ya dharura, na dharura haiishi. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyevunja katiba kwa makusudi, lakini chama kimeshabadilika.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaujua ugonjwa huu. Nimekishuhudia chama kimoja cha wafanyabiashara wadogo, ambacho sitakitaja, kikikaa miaka bila kuitisha mkutano. Wanachama waliendelea kutoa ada, na kina mama ndio waliokuwa wakijitolea kumchangia mwenzao aliyeibiwa mzigo au aliyefiwa. Walipouliza hesabu waliambiwa wasubiri mkutano. Waliochoka wakaondoka na kuanzisha chama chao. Leo kituo kimoja cha mpaka kina vyama viwili, na maofisa hawamsikilizi yeyote kati yao, kwa sababu kila mmoja anadai ndiye msemaji.

Msalaba Mwekundu hauwezi kugawanyika namna hiyo. Kitakachotokea kwake ni ule ukimya niliousema, na siku mto utakapofurika tena hakutakuwa na mtu wa kuitwa.

Wa kuuliza ni sisi

Kwa maoni yangu, mgawanyo unaofaa unaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mambo ya kilima peke yake: siku ya kazi, mfuko wa kilima, na nani asaidiwe kwa nguvu za kilima chenyewe. Mambo ya bodi peke yake: nembo, mikataba, ajira ya katibu mkuu, ukaguzi na nidhamu. Mambo ya pamoja, yasiyopita bila pande zote mbili kukubaliana: katiba, mipaka ya matawi, na vigezo vya orodha za msaada unaotoka nje ya kilima. Chama kikiyaandika hayo kwenye ukurasa mmoja, kwa Kirundi, na kuubandika ukutani katika kila zoni, ugomvi mwingi utakwisha kabla haujaanza.

Lakini ukurasa haujisomi. Ndugu uliyerejea, usikae pembeni ukisema hili ni la wenyeji. Wewe ni mwenyeji. Ingia kwenye kikundi cha kilima chako, lipa ada kama ipo, nenda kwenye kazi, kisha nenda kwenye mkutano. Na wewe mfanyabiashara, iwe chama chako ni cha Kobero, Mugina au huku Kasulu, dawa ni hiyohiyo.

Ukifika mkutanoni, uliza mambo matatu kwa adabu. Mara ya mwisho kamati kuchaguliwa ilikuwa lini? Orodha ya mwisho ilisomwa wapi, mbele ya nani? Mjumbe tuliyemtuma komini alirudi na jibu gani? Kamati itakayojibu hayo bila kukasirika inafaa kuachiwa funguo za ghala.